Katika Nyayo za Alvar: Shajara ya Safari ya Margazhi

Ijumaa, Chennai

Mwezi wa Margazhi huanza katikati ya Desemba na kwisha katikati ya Januari, na kwa mwezi huo mzima nchi ya Watamil, kusini mwa India, huamka kabla ya jua. Saa kumi na moja alfajiri mitaa ya Triplicane ilikuwa imeshafagiliwa na kunyunyizwa maji. Akina mama walikuwa wameinama milangoni wakichora maua na nukta kwa unga wa mchele, kila nyumba na mchoro wake. Kutoka vipaza sauti vya hekalu la Parthasarathy ulisikika wimbo wa Kitamil uliotungwa na msichana mmoja zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nimekuja kuufuata wimbo huo na nduguze, kutoka hapa ufukweni mpaka kusini ulikotoka.

Kati ya karne ya 6 na ya 9 walitokea huku washairi 12 waliomwimbia Vishnu, mungu ambaye wao humwita Tirumal, Mayon, Kannan na majina mengine mengi ya mapenzi. Watu wakawaita Alvar, yaani waliozama. Beti zao zimo katika diwani moja inayohesabiwa kuwa na beti 4,000, Nalayira Divya Prabandham, na juu ya diwani hiyo yamesimama madhehebu ya Sri Vaishnava. Wenzao waliomwimbia Shiva, Nayanmar 63, waliishi takriban zama hizohizo, lakini hao wanastahili safari yao peke yao.

Mimi si Mhindu. Nafundisha ushairi wa Kiswahili, na kilichonivuta ni orodha yenyewe ya watunzi. Yumo mfalme wa Chera aitwaye Kulasekhara, yumo mtoto wa wakulima, yumo msuka mashada ya maua, yumo kiongozi aliyekuwa akiwapora wasafiri, yumo msichana mmoja, na yumo mpiga kinubi wa tabaka lililokatazwa hata kukanyaga njia ya hekalu. Wote walitunga kwa lugha ya nyumbani kwao, katika nchi ambayo Kisanskriti ndicho kilichohesabiwa kuwa lugha ya maandiko. Leo beti zao husomwa mbele ya sanamu ileile inayosomewa Veda, maandiko ya kale ya Kisanskriti.

Katika hekalu la Triplicane Krishna, umbo mojawapo la Vishnu, amesimama kama mwendesha gari la vita la rafiki yake, shujaa Arjuna, ana masharubu, na usoni ana makovu ya mishale aliyopigwa vitani. Nilisimuliwa hayo na mzee aliyekuwa anatoka ndani, maana mimi niliishia penye tangazo linalowazuia wasio Wahindu. Mungu mwenye makovu aliyoyapata kwa kumwendeshea rafiki yake farasi! Nililiandika hilo kabla sijanywa hata kahawa.

Mchana nilipita Mylapore, ambako wanasema mmoja wa Alvar watatu wa mwanzo, Pey, alionekana mchanga ndani ya yungiyungi jekundu kisimani.

Jumamosi, Mamallapuram

Basi linafuata barabara ya pwani kuelekea kusini, kilomita zisizofika 60. Njia nzima ni minazi, mashua zilizopandishwa mchangani na nyavu za bluu zimeanikwa.

Njiani nilikuwa nikipanga kichwani mizizi ya imani hii, kwa sababu Alvar hawakuanzia hewani. Kaskazini, mapenzi ya ibada kwa Vasudeva, yaani Krishna, yalikuwepo karne nyingi kabla yao. Mnamo mwaka 113 KK hivi, balozi wa Kigiriki kutoka Taxila, Heliodorus, alisimamisha nguzo ya mawe Besnagar kwa heshima ya Vasudeva, "mungu wa miungu", na akajiita bhagavata, mja wake. Kusini nako, Paripadal, mmoja wa mikusanyo ya kale ya ushairi wa Kitamil, una nyimbo za kumsifu Tirumal. Tena Watamil walikuwa na utaratibu mpana wa mashairi ya mahaba: msichana anayengoja, mama anayehangaika, rafiki anayepeleka ujumbe, bahari na mvua zikishuhudia. Alvar waliuchukua utaratibu huo wote wakampa Mungu nafasi ya mpenzi. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipozaliwa kitu kipya. Kabla yao Mungu alisifiwa, kwao anadaiwa: kwa nini huji?

Mamallapuram ilikuwa bandari ya wafalme wa Pallava, na mawe yake yamechongwa katika karne ya 7 na mwanzoni mwa ya 8. Watalii hupiga picha hekalu la ufukweni, na wengi huondoka bila kujua kuwa kati ya vyumba viwili vya Shiva kuna Vishnu aliyelala, amechongwa katika mwamba wenyewe. Mimi nilikuja zaidi kwa ajili ya hekalu la Sthalasayana, mjini, karibu na stendi. Hapa ndipo kwao Bhutam, Alvar wa pili.

Kwa kawaida Vishnu hulala juu ya nyoka Ananta katika bahari ya maziwa. Hapa amelala chini, ardhini. Wanasimulia kwamba mtawa Pundarika alichuma mayungiyungi akataka kumpelekea Mungu huko baharini, na kwa kuwa bahari ilimzuia, akaanza kuichota kwa viganja vyake. Akaja mzee mmoja akiomba chakula. Mtawa akaenda kumtafutia, na aliporudi akakuta maji yamerudi nyuma na mzee yule amelala mchangani, amevaa yale maua. Hakungoja afikiwe. Alikuja mwenyewe akajilaza palepale, hata bila kitanda.

Jumapili, Kanchipuram

Kanchi ni mji wa hariri na mahekalu, na mtu angeweza kukaa hapa mwezi asimalize. Nilichagua machache.

La kwanza ni dogo, Yathothkari, katika eneo la Tiruvekka. Kwenye bwawa lake, wasema, ndiko alikopatikana Poygai, Alvar wa kwanza. Kisa kilichonileta, hata hivyo, ni cha Tirumalisai, Alvar aliyelelewa na watu wa hali ya chini walioishi kwa kukata mianzi. Mwanafunzi wake Kanikannan alikataa kumtungia mfalme wimbo wa sifa, naye mfalme akamfukuza mjini. Tirumalisai akaingia hekaluni akamwimbia Mungu: Kanikannan anaondoka, nami naondoka, basi na wewe usilale hapa, kunja mkeka wako wa nyoka. Mungu akainuka, akamkunja nyoka wake, akawafuata. Mji ukabaki giza. Mfalme akawakimbilia kuwaomba radhi, wakarudi, na Alvar akaimba ubeti uleule kwa kuugeuza: Kanikannan amerudi, nawe utandike tena. Mungu akatandika. Kwa haraka ya kulala akaelekeza kichwa upande usio wa kawaida, na hivyo ndivyo sanamu ilivyo mpaka leo. Jina analoitwa hapa ni "Aliyefanya kama alivyoambiwa".

Wanazuoni wa madhehebu wana neno kwa sifa hii, saulabhya, wepesi wa Mungu kufikika. Ukuu wake, wanasema, hauhitaji ushahidi, kila dini inausema. Kinachoshangaza ni kwamba mkuu huyo anakubali kuagizwa. Ndiyo maana, kati ya namna tano ambazo Mungu huwapo, tangu ile ya mbinguni Vaikunta hadi ile ya moyoni mwa kila kiumbe, wao hulipenda zaidi umbo la sanamu: amejitia mikononi mwa watu wamwoshe, wamvike, wamlishe, wamwamshe na kumlaza.

Hekalu kubwa la Varadaraja liko mwisho mwingine wa mji. Katika bwawa lake imelazwa sanamu ya Mungu iliyochongwa kwa mti wa mtini, ambayo hutolewa mara moja kila baada ya miaka 40. Mara ya mwisho ilikuwa 2019, ikakaa nje siku 48. Hapa pia aliishi Tirukkacchi Nambi, mtu asiye Brahmini, yaani asiye wa tabaka la makuhani, ambaye kazi yake ilikuwa kumpepea Mungu kwa kipepeo. Ramanuja, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu haya, ambaye mapokeo yanasema aliishi kuanzia 1017 hadi 1137, alitaka Nambi awe mwalimu wake. Alimkaribisha nyumbani ale, ili yeye ale mabaki ya sahani yake. Mke wa Ramanuja akampa mgeni chakula wakati mume hayupo, akatupa mabaki, akapiga deki, akaoga, kana kwamba mgeni amewatia najisi. Kisa hiki husimuliwa bila kufichwa, na nawapenda kwa hilo.

Nje ya lango nilikaa na muuza vitabu aliyenieleza alama za paji la uso. Walio wa upande wa kaskazini, Vadakalai, huchora nyeupe yenye umbo la U. Wa kusini, Tenkalai, huongeza mguu mfupi unaoshuka puani. Ugomvi wao ni wa karne nyingi, na hapa Kanchi wamepelekana mahakamani tangu zama za Waingereza kuhusu nani asome beti zipi mbele ya Mungu. Ila chini yake kuna swali zito. Wote wanakubali kwamba wokovu ni prapatti, kujisalimisha kabisa kwa Vishnu na mkewe Sri. Je, mtu anafanya nini katika kusalimu huko? Vadakalai husema mtoto wa nyani hubebwa na mama yake, lakini naye hushika. Tenkalai husema mtoto wa paka hashiki kitu, mama humnyanyua kwa meno. Nilimuuliza yule bwana yeye yuko wapi. "Mimi paka, tambi," akajibu, akaniwekea vitabu mfukoni. Tambi ni mdogo wake mtu, na hivyo ndivyo nilivyoitwa njia nzima.

Jumatatu, Tirukkovilur

Mabasi mawili na mvua. Mji huu uko kando ya mto Pennai, na ingawa wengi huupita wakienda Tiruvannamalai, kwangu ndio kitovu cha safari.

Wanasimulia hivi. Poygai, Bhutam na Pey hawakuwa wanajuana. Usiku mmoja wa mvua kubwa Poygai alijibanza katika ujia mwembamba wa nyumba moja hapa, pakamtosha mtu mmoja kulala. Akabisha Bhutam, wakakaa wawili. Akabisha Pey, ikabidi wote watatu wasimame. Mara wakahisi wanasongwa, kana kwamba yupo wa nne, na gizani hawamwoni. Poygai akawasha taa kwa ubeti: dunia ndiyo bakuli, bahari ndiyo samli, jua ndilo mwali. Bhutam akawasha ya pili: upendo ndio bakuli, shauku ndiyo samli, moyo unaoyeyuka kwa raha ndio utambi. Ndipo Pey akasema: nimemwona Sri, nimeuona mwili wa dhahabu.

Kila mmoja akaendelea hadi beti 100, na nyimbo hizo tatu ndizo zinazohesabiwa kuwa mwanzo wa diwani yote. Zimetungwa kwa bahari iitwayo antadi, ambayo mwisho wa ubeti ndio unaoanza ubeti unaofuata. Msomaji wa mashairi yetu ameshatambua: ndilo pindu, wengine huliita mkufu. Mtunzi wa pindu hana pa kupumzikia, kila anapofika ndipo anapoanzia, na msikilizaji aliyeshika ubeti mmoja amepewa ncha ya mwingine. Kwa watu waliohifadhi mashairi kifuani, hiyo ilikuwa kamba ya kumbukumbu. Lakini usiku huu, mvua ikipiga paa la bati la nyumba ya wageni, nimeona pia kwamba washairi watatu waliosongamana ujiani wasingeweza kupata bahari iliyowafaa zaidi.

Ndani ya hekalu Vishnu yuko kama Trivikrama, yule aliyeipima dunia kwa hatua, mguu mmoja ameuinua juu. Aliyevuka mbingu kwa hatua moja ndiye aliyejibana mlangoni na watu watatu waliolowa. Kila mtu hapa atakuambia kwamba mambo haya mawili ni sifa moja, na muuza chai mkabala na lango aliniambia hivyo kabla sijauliza.

Jumanne, Kumbakonam

Siku ya kusafiri tu, na hekalu moja, Sarangapani. Katika karne ya 9 au ya 10, mwanazuoni Nathamuni aliwasikia wasafiri kutoka kusini wakiimba beti kumi za kumsifu Mungu wa hapa, na ubeti wa mwisho ukataja kwamba kumi hizo ni sehemu ya elfu moja. Akauliza elfu ziko wapi. Hawakujua, walikuwa na kumi tu. Nyimbo zilikuwa zimepotea. Akatoka kuzitafuta, nami nitafika alikofika.

Kwenye treni ya jioni nilikumbuka kisa cha Kisanskriti, katika sehemu ya sifa inayotangulizwa kabla ya Bhagavata Purana, kitabu kikuu cha visa vya Krishna, ambamo Bhakti mwenyewe, ibada ya mapenzi, anasema kama mwanamke: nilizaliwa nchi ya Dravida, nikakua Karnataka, nikakaa huku na huku Maharashtra, nikazeekea Gujarat, na nilipofika Vrindavan nikawa kijana tena. Gujarat ile ndiyo iliyowatoa wafanyabiashara wengi wa Kihindu waliohamia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na nyimbo wanazomwimbia Krishna kule kwetu zina bibi aliyezaliwa kando ya mito hii, ingawa lugha ni nyingine.

Jumatano na Alhamisi, Srirangam

Kisiwa kati ya mto Kaveri na mto Kollidam, na hekalu ambalo ni mji. Kuta saba, moja ndani ya nyingine, eneo la ekari 156, minara 21. Ule wa nje, wenye mita zipatazo 72, ulimalizika 1987. Katika kuta za nje kuna nyumba za watu, maduka ya vyombo, vinyozi, watoto na baiskeli. Ndani kabisa amelala Ranganatha, ameelekea kusini.

Nimefika katikati ya sikukuu kubwa ya mwaka, ambayo mambo yake yote ni kusikiliza mashairi. Kwa mchana kumi huimbwa sehemu moja ya diwani, kisha hufunguliwa Mlango wa Mbinguni siku ya Vaikunta Ekadashi, halafu kwa usiku kumi huimbwa Tiruvaymoli, kazi kuu ya Nammalvar. Sanamu ya matembezi ya Mungu, Namperumal, hubebwa mpaka ukumbi wa nguzo elfu, na huko Mungu hukaa kusikiliza. Wanaotumbuiza ni araiyar, wanaume wa koo chache waliorithi kazi hiyo, wenye kofia ndefu za mahameli na matuazi madogo mkononi. Huimba ubeti, kisha huueleza kwa mikono na uso. Usiku wa mwisho sanamu ya Nammalvar huwekwa miguuni pa Mungu na kufunikwa majani ya tulasi, nduguye mrihani wetu.

Nilikuwa katika umati wa nje, nimebanwa kati ya familia kutoka Salem na watawa wenye mikeka. Mama mmoja akaona sielewi akanitafsiria mkono kwa mkono, Kiingereza kidogo, ishara nyingi. Msafara ulipopita nikaona mpangilio ambao nilikuwa nimeusoma tu: mbele ya Mungu wanatangulia waimbao beti za Kitamil, nyuma yake wanafuata wasomao Veda kwa Kisanskriti. Mama akanieleza sababu wanayoipa wao. Mungu anazikimbilia nyimbo za mbele, na Veda zinamkimbilia Mungu.

Alhamisi nilizunguka nikitafuta watu wawili. Wa kwanza ni Tiruppan, yule mpiga kinubi wa tabaka la Panar. Alikuwa akisimama ng'ambo ya Kaveri akiimba, maana kukaribia alikatazwa. Kuhani Loka Saranga, alipokuja kuchota maji ya ibada, akamwona amezama katika wimbo, akamrushia jiwe ampishe. Jiwe likamtoa damu. Kuhani alipofika ndani akaikuta damu kwenye paji la uso wa Mungu, na usiku akaamriwa amlete mtu yule juu ya mabega yake. Akambeba. Tiruppan akaimba beti kumi, toka miguuni hadi machoni, na ya mwisho inasema macho yaliyomwona huyu hayatatazama kingine. Hapo akatoweka ndani yake.

Wa pili ni Tulukka Nachiyar, "Bibi wa Kituruki", binti wa sultani wa Delhi kwa mujibu wa masimulizi. Katika karne ya 14 majeshi ya Delhi yalipoivamia Srirangam, Namperumal alifichwa na kuhamishwa huku na huku, akarudishwa 1371. Masimulizi yanasema binti huyo Mwislamu aliipenda sanamu, akaifuata hata kusini, akafia hapa. Ana chumba chake ndani ya hekalu, na kwa heshima yake Mungu huvikwa nguo ya kufunga kiunoni kama wavaavyo Waislamu na huandaliwa mikate ya chapati. Historia yake haiwezi kuthibitishwa, na mimi sikuja kuthibitisha. Nilisimama nje ya ukuta nikiwaza watu ambao mahali pao patakatifu paliporwa, kisha wakamtengea binti wa upande ule chumba na mkate.

Ijumaa, Madurai hadi Srivilliputhur

Madurai nilibadilisha basi tu, lakini siwezi kuipita kimya. Katika hekalu la Meenakshi hapa, Dalit, watu wa matabaka yaliyotengwa, waliingia kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1939, wakiongozwa na A. Vaidyanatha Iyer, yeye mwenyewe Brahmini. 1939! Zaidi ya miaka elfu moja ya kumwimbia Tiruppan, na wajukuu wa tabaka lake bado wako nje. Hekalu hilo ni la Shiva na mkewe, si la Vishnu, lakini ya Vishnu nayo hayakuwa na milango mipana zaidi. Ramanuja alipanda mnara wa Tirukoshtiyur akapaza kwa watu wote mantra yenye silabi nane aliyofunzwa kwa siri, Om namo Narayanaya, akisema akienda motoni yeye na wakaokoka wengi, sawa. Waliomrithi walimheshimu kwa kisa hicho bila kukitekeleza. Nalisema hili kwa sababu naipenda diwani hii, na diwani yenyewe iko upande wa waliozuiwa.

Srivilliputhur ni mji wa mnara mmoja mrefu, ngazi 11, unaosemekana kuwa ndio uliochorwa katika nembo ya serikali ya Tamil Nadu. Hapa Periyalvar, mtunza bustani ya maua ya Mungu, alimkuta mtoto wa kike chini ya mtulasi. Alipokua akawa anavaa shada la Mungu kabla halijapelekwa, anajitazama kisimani kama anamfaa bwana harusi. Baba alipogundua akafadhaika, akasuka jipya. Mungu akalikataa, akataka lile lililovaliwa. Binti huyo ni Andal, ndiye mtunzi wa wimbo niliousikia Triplicane.

Tiruppavai ina beti 30, moja kwa kila siku ya Margazhi. Wasichana wa kijiji cha wafugaji wanaamshana alfajiri, nyumba hadi nyumba, kwa utani na kero, wakaoge na kwenda kumwamsha Krishna wamwombe ngoma. Ubeti wa 27 ni wa kufungulia mfungo: wali wa maziwa wenye samli nyingi mpaka inachuruzika viwikoni, na siku yake ikifika wali huo hupikwa kweli majumbani. Katika ubeti wa 29 wasichana wanafunua moyo: hatukuja kwa ajili ya ngoma, tuwe wako kwa mara saba na saba za kuzaliwa, tukutumikie wewe tu, na matamanio yetu mengine uyageuze. Sijui ombi kubwa kuliko hilo la mwisho. Kuna na kazi yake nyingine ya beti 143, Nachiyar Tirumoli, yenye kiu ya mwili isiyojificha, na hiyo huimbwa kwa uchache.

Msukaji mmoja anayekaa karibu na lango alinionyesha jinsi kasuku wa Andal anavyotengenezwa kwa majani, mpya kila siku, wa kushikwa mkono wa kushoto. Nilinunua palkova, maziwa yaliyopikwa na sukari mpaka yakashikana, nikaimaliza kabla ya kulala.

Jumapili, Alwarthirunagari

Kutoka Tirunelveli treni ya Tiruchendur inafuata mto Tamraparni kati ya migomba na mashamba ya mpunga. Zamani mji huu uliitwa Kurugur.

Nammalvar alizaliwa hapa katika familia ya wakulima Wavellala. Hakulia, hakunyonya, hakufungua macho. Wazazi wakamweka chini ya mkwaju, akakaa miaka 16 bila neno. Brahmini mzee, Madhurakavi, akiwa kaskazini akaona mwanga upande wa kusini, akaufuata hadi mkwajuni, akamuuliza kijana: kidogo kikizaliwa tumboni mwa kilichokufa, kitakula nini, kitalala wapi? Kijana akafumbua kinywa: kitakula hichohicho, kitalala humohumo. Wafafanuzi husema ni roho ndani ya mwili. Madhurakavi akapiga magoti kwa mtoto wa mkulima, akawa mwanafunzi wake. Katika diwani nzima yeye ana beti 11 tu, na katika hizo hamwimbii Vishnu, anamwimbia mwalimu wake.

Mkwaju upo. Una mashina yaliyojipinda na mashimo, umezungushiwa jukwaa la mawe, na wanauita usiolala kwa sababu, wasema, majani yake hayafumbi usiku kama ya mikwaju mingine. Msimamizi aliniruhusu nifike mahali pa kuuona vizuri. Hapa ndipo Nathamuni alipofika akitafuta zile elfu. Hakukuta mtu azijuaye, ila beti 11 za Madhurakavi. Akakaa chini ya mti akazisoma mara 12,000, mpaka Nammalvar akamtokea akampa si elfu tu bali zote 4,000. Nathamuni akazipanga, akazitia mahadhi, akawafundisha wapwa zake, na araiyar wa Srirangam wanahesabu kazi yao tangu kwake.

Tiruvaymoli ina beti 1,102, na zote ni pindu moja. Neno la mwisho la ubeti wa mwisho linarudi kwenye neno la kwanza la ubeti wa kwanza. Ndani yake kijana aliyenyamaza miaka 16 anasema kwa sauti ya msichana anayewatuma korongo kwa mpenzi, na kwa sauti ya mama anayesikitika binti yake halali. Mahali pengine anasema jambo ambalo mshairi yeyote angeogopa kulisema: si mimi niliyeimba, yeye alinifanya kuwa wake akajiimba kwa kinywa changu. Hapo naona imani yote ya madhehebu haya. Yule aliyejibana ujiani, aliyekunja mkeka, aliyetaka shada lililovaliwa, anahitaji pia mshairi.

Jioni, katika ua, kuhani alikuwa akipita na satari, kofia ya fedha yenye nyayo za Vishnu juu yake, akiwagusisha waumini kichwani mmoja mmoja. Katika mahekalu yote ya Sri Vaishnava hufanywa hivyo, na kofia hiyo imepewa jina la Nammalvar, aitwaye pia Satakopan, kwa kuwa yeye huhesabiwa kuwa ndiye nyayo za Mungu. Brahmini na fundi wa pikipiki waliinama sawa. Mzee aliyesimama karibu nami akanieleza hayo, kisha akaniambia ikiwa kweli nafundisha mashairi nianze na beti 11 za Madhurakavi kabla ya Nammalvar, kama alivyofanya Nathamuni. Akanisomea ya kwanza, nikairudia, akanisahihisha, tukaendelea hadi ya nne, treni yangu ikawa imeshaondoka na ikabidi nitafute basi la saa mbili.